Sinia la Watu Wanne

Harusini mtaani Ng'ambo wiki iliyopita, mimi ndiye niliyetangulia kukaa mkekani. Wakafuata wanawake wenzangu watatu, tukawa wanne, tukisubiri sinia letu la biriani. Mmoja wao, binti, alikuwa amekunja uso juu ya daftari.

"Mwanangu, hata harusini wasoma?" akauliza bibi aliyekaa mkabala naye.

"Nna mtihani wa mitandao Jumatatu, bibi, na nshafeli mara moja. Nnajifunza kugawa anwani za kompyuta kwa mafungu. Fungu hili lina anwani nne, lakini zinazopewa kompyuta ni mbili tu."

"Na mbili nyengine?"

"Ya kwanza ni jina la fungu. Ya mwisho ni ya kuwaita wote kwa pamoja. Hazipewi mtu."

Sinia likafika. Binti akaweka daftari chini, akakunja mkono wa baibui. "Jamani, karibuni nyote!"

Bibi akamdaka kiganja kabla hakijagusa biriani. "Wewe ndiye uliyetuita wote. Kwa hesabu yako, huli."

Walimu wa kompyuta, fundisheni hivyo. Binti aliapa hatosahau tena.

Kisha bibi akauliza nani aliyetangulia kukaa. Mdomo wangu ulikuwa umeshajaa biriani.