Mama Mkwe na Ganda la Ndizi Kambini

Nimewahi kumwona mama mkwe wangu akila ganda la ndizi mbele ya watu wazima ishirini. Alilitafuna mpaka kikonyo, akameza, akaomba maji.

Hakuwa na njaa wala wazimu. Alikuwa ananiokoa mimi, na mimi nilichelewa sana kujua ananiokoa na nini.

Sogeeni niwape mkasa.

Mimi ni mtoa dawa hospitalini. Kazi yangu ni kuhesabu. Vidonge viwili, kutwa mara tatu, siku tano, thelathini kamili, kisibaki hata kimoja. Miaka tisa ya kazi hiyo, ugonjwa wa kuhesabu ukanifuata mpaka nyumbani.

Familia ya mume wangu huenda kupiga kambi mlimani kila mwaka, siku tatu. Chakula hufungwa na mama mkwe, mpishi mstaafu wa shule ya bweni, aliyelisha wanafunzi mia sita kwa miaka ishirini na sita. Mkono wake haujui sufuria ndogo.

Mwaka mmoja kabla sijaolewa walirudi na magunia matatu ya taka na nusu sufuria ya wali uliochacha. Mlinzi wa kambi aliwasema kama watoto.

Sasa mimi nilikuwa na miezi minane ya ndoa, na kila nikienda ukweni naletewa chai sebuleni kwenye sinia, kama mtu wa sensa. Jikoni sigusi hata kijiko. Iliniuma, sitawadanganya.

Siku mipango ya kambi ilipoanza, nikaropoka. Nikasema mwaka huu nafunga chakula mimi, na taka zote za watu watano zitaingia kwenye kopo moja la maziwa ya unga, na mfuniko utafunga.

Wifi yangu, msusi mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, akaweka kikombe chini.

"Na usipofunga?"

"Nitakunywa chai sebuleni maisha yangu yote."

Wifi akasema wote wamesikia. Mama mkwe akatabasamu.

Basi nikaingia kazini. Nikabeba mizani, nikawapima wakwe zangu uzito mmoja mmoja, maana dozi hufuata kilo. Shemeji, fundi wa kuchomelea, alipanda mizani huku amevuta tumbo ndani. Nilipomwambia mwepesi anakula kidogo, akaliachia hapo hapo.

Biskuti nikazitoa kwenye maboksi yake. Vitunguu na karoti nikamenya nyumbani. Mchele, maharagwe na unga wa uji nikavipima kwa kijiko na kuvitia kwenye vifuko nilivyoshona kwa shuka kuukuu, kila kimoja na maandishi yake: Jumamosi mchana, shemeji, vijiko tisa.

Mume wangu akauliza kama hiyo anameza kabla au baada ya chakula. Nilimnunia siku nzima.

Mama mkwe alikuja na begi dogo na mto mmoja mnene, ambao hakumruhusu mtu kuubeba. Alisema shingo yake haielewani na mito ya watu.

Jamani, kule mlimani mambo yalinyooka mpaka nikaanza kujiogopa. Tulipanda, tukashuka, tukaogelea, na kila mlo sahani zilirudi zinang'aa. Hakuna aliyelalamika. Hakuna aliyeomba nyongeza.

Mimi mwenyewe, kusema ukweli, njaa ilinisokota mpaka nikaona nyota mchana. Lakini nikajiambia, kama fundi wa kuchomelea ameshiba, mimi ni nani wa kulalamika?

Kitu kimoja tu kilinitia wasiwasi. Mama mkwe alikuwa anaenda msalani mara saba kwa siku, amejifunga shuka hata jua likiwaka, na kila mara lazima asindikizwe. Na watoto wake walivyomgombania! Hata wifi, ambaye nyumbani hainuki kufunga mlango, alikuwa anakimbia kuwahi zamu. Nikasema moyoni, kweli hawa wanampenda mama yao.

Lakini mimi ni mtu wa hospitali. Nikamvuta pembeni kwa heshima, nikamshauri tukirudi mjini apime sukari.

"Nitapima, mwanangu," akasema. "Haya, nisindikize basi."

Nikamwambia naosha vyombo. Kesho yake akaniomba tena, nikawa nahesabu vifuko. Mara ya tatu nikamkatia fimbo ya kuegemea.

Siku ya kuondoka, wifi hakutaka yaishe kimyakimya. Akamwita mlinzi, mlinzi akaita watu wa mahema ya jirani, wakatuzunguka kama tuko mnadani.

Nikafungua kopo waone. Majani ya chai, njiti za kiberiti, bandeji ya kidole cha shemeji. Nikabana mfuniko, ukafunga, na watu wakapiga makofi.

Nilikuwa nimeanza kucheza pale mlinzi alipotokea nyuma ya hema letu, ameshika ganda la ndizi kwa vidole viwili.

"Na hili?"

Nikacheka. Sisi hatukuja na ndizi, ndizi haipo kwenye orodha, na orodha niliandika mimi. Nikadai mahema ya jirani yakaguliwe, moja baada ya jingine. Mume wangu alikuwa anaangalia viatu vyake. Shemeji naye hivyo hivyo. Nikadhani wananionea aibu.

Ndipo mama mkwe aliponyoosha mkono.

"Hilo langu," akasema. "Bado nakula."

Akalila lote.

Watu wakanigeukia mimi, mtu wa dawa, niwaeleze. Nikajikuta naapa kwa cheti changu kwamba ganda lina faida kubwa mwilini. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini.

Nikashinda.

Kesho yake nikaitwa jikoni ukweni kwa mara ya kwanza. Nilivyofurahi, hata kazi ya kufua vitu vya kambi niliidaka mwenyewe. Hapo hapo jikoni nikavua foronya ya ule mto.

Ndani hakukuwa na sufi. Kulikuwa na makombo ya mkate, maganda ya mayai, maganda kumi na tisa ya ndizi yaliyokunjwa vizuri, na yai moja la kuchemsha, halijamenywa.

Safari zote zile za msalani zikanipitia kichwani, moja moja.

Mama mkwe alikuwa anakoroga sufuria, hakugeuka.

"Hesabu yako ilikuwa nzuri, mwanangu. Ila uliwapima wakiwa wamekaa sebuleni, wakaenda kula wakiwa wamepanda mlima. Na mimi nimejifunza kwako, mwaka huu sikutupa hata punje."

Nikamwuliza kwa nini yai moja limebaki.

"Hilo lilikuwa lako. Nilikuita mara tatu."

Nililila pale pale nimesimama, nikicheka, machozi yanashuka, na yeye akanisogezea chumvi.

Ndugu zangu, pima chakula chako vizuri, na taka zako zitoshe kopo moja ukiweza. Lakini mama mkwe akikuomba umsindikize, acha vyombo, nenda naye.