Bernadetha Alivyolenga Mawingu

Mjukuu wangu Bernadetha aliposema anataka kuwa askari wa wanyamapori wa kijiji, hapa Nyansurura watu walicheka mpaka ng'ombe wakaacha kula. Mimi sikucheka. Msimu uliopita tembo walimaliza mahindi yangu yote, na mmoja, naapa, alirudi kuulizia chumvi.

Mafunzo yakafika siku ya shabaha. Risasi tano; zisipogonga ubao angalau tatu, unarudi kushika jembe. Nikamsindikiza na chupa ya uji.

Bunduki zilipangwa juu ya turubai, kila mmoja achague yake. Wanaume walikimbilia zinazong'aa. Bernadetha aliziweka begani moja moja, akazirudisha, akachukua moja kuukuu, kitako kimesuguka kama mpini wa jembe langu.

"Hiyo ya babu yako?" akamtania Machage, kijana wa jirani.

"Ya babu yako. Alikataa kukuachia wewe."

Akalala kifudifudi, akapiga. Ubao kimya. Akapiga tena. Hiyo ya pili nadhani imeshavuka mpaka wa Sirari bila kulipa ushuru.

Afande Stanslaus, mwalimu wao, akatikisa kichwa. "Zimebaki tatu, binti. Ukikosa hata moja, nyumbani."

Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye ndala, maana kosa lilikuwa langu. Baba yake hakupata mtoto wa kiume, kwa hiyo Bernadetha ndiye aliyechunga ng'ombe, na upinde nilimfundisha mimi. Mshale huanguka njiani; usipolenga juu ya kitu, hukipati. Afande alikuwa amewaeleza kwamba bunduki hulengwa moja kwa moja, lakini mkono uliozoea hausikii darasa.

"Afande," nikasema nyuma ya kamba, "niruhusu nimpe mtoto uji."

"Bibi, hapa hatunywi uji."

"Basi neno moja."

"Lisemee hapo hapo ulipo."

"Bernadetha, mshale huchoka njiani. Hicho chuma hakichoki. Kitazame kitu usoni."

Hakugeuka. Akashusha mtutu kidogo tu, upana wa kidole. Ubao ukalia. Ukalia tena. Ya mwisho nilifumba macho, nikaisikia kwa masikio: ubao.

Afande akaenda kukagua matundu, akarudi anacheka. "Bibi, na wewe tukuandike?"

Nikafungua chupa. Nikakaa kwenye nyasi, nikanywa uji wote wa Bernadetha peke yangu.