Kamera Mbili za Mtu wa Kamanga

Sikuota, sikuwa na homa, na pombe sijawahi kuionja. Nakwambia mapema kwa sababu najua utakachouliza. Wengi nikiwasimulia hunitazama kwa huruma, wengine hucheka. Na wewe cheka ukitaka, ila nisikilize hadi mwisho. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, na wala halikunipata gizani kama mambo ya namna hii yanavyopenda. Lilinipata alasiri, jua linawaka, ng'ambo ya maji kutoka Mwanza mjini.

Wakati ule nilikuwa natafuta kamera. Harusi nilikuwa napiga kwa simu, na wateja walishaanza kunidharau. Bwana harusi mmoja aliniambia mbele ya ukoo mzima, "Dada, hata shangazi yangu ana simu kama hiyo." Nikameza. Nikaapa harusi inayofuata nitakwenda na kamera yangu, hata kama ni ile ya mtu anayeanza.

Sasa shida ilikuwa hapa. Kamera za kuanzia ziko za aina mbili. Kuna DSLR, ambayo ndani ina kioo. Ukichungulia kwenye kitundu chake, kile kioo kinakuletea mwanga wenyewe kutoka nje, kwa hiyo unakiona kitu kama jicho lako linavyokiona. Halafu kuna mirrorless, isiyo na kioo. Hiyo ukichungulia unaona kama runinga ndogo, picha ambayo kamera imeshaitengeneza yenyewe. Shika hapo hapo, maana usipoielewa tofauti hiyo, hutaelewa kilichotupata.

Magesa, mtoto wa shangazi yangu, alikuwa na studio ya picha za pasipoti pale Mirongo, na yeye alikuwa mtu wa kioo kabisa.

"Ya kioo betri yake inamaliza harusi nzima," alikuwa akiniambia. "Na lenzi zake za mtumba zimejaa mjini. Hiyo nyingine utatembea na betri mfukoni kama unaziuza."

"Lakini ni nyepesi," nilimjibu. "Haipigi kelele kanisani. Na inakuonyesha picha itakavyotoka kabla hujabonyeza."

"Kupiga picha ni kuona kwa jicho lako, dada. Siyo kuonyeshwa."

Tulibishana hadi tukaanza kuudhiana.

Mchana mmoja nikatoka kwenye duka la vifaa vya picha katikati ya mji, nimechoka kuuliza, na muuzaji amechoka kunijibu. Pale barazani mwanamume mmoja akanisalimia. Alikuwa na umri kama wa kaka yangu mkubwa, shati jeupe, limefungwa vifungo mpaka shingoni, joto lote lile.

"Nimekusikia unavyouliza," alisema. "Mimi ninazo zote mbili. Naacha kazi."

Alinieleza kwamba yeye ni mpiga picha wa ubatizo, anayapigia makanisa yanayobatiza watu ziwani upande wa Kamanga. Alizijua kamera, niamini. Alinifafanulia mambo ambayo hata Magesa hakuwahi kuniambia. Akanielekeza mawe yaliyo ufukweni, mbele kidogo ya kivuko kinapotua. Nije Jumamosi alasiri, nizijaribu zote, nichague.

Nilipogeuka kuondoka akaongeza, "Njoo na mtu anayezijua. Na kama ana lenzi yake, aje nayo."

Niambie wewe, ungeona ubaya gani hapo?

Magesa alikuja na lenzi yake kubwa, ile aliyokuwa akiipangusa kila asubuhi kama mtu anayempangusa mtoto makamasi. Kila mtu alikuwa anajua ameiagiza Dar. Tukavuka, tukashuka Kamanga, tukafuata ufukwe hadi kwenye mawe. Yule mtu alikuwa ameshafika, amekaa juu ya jiwe bapa, kamera zote mbili ziko mbele yake juu ya kitambaa. Hapakuwa na mtu mwingine. Mahali pote palikuwa pakavu, lakini alipokaa yeye palinuka tope bichi, lile la chini kabisa ziwani.

Nikaanza na ya kioo. Nilimchungulia yule mtu pale alipokaa. Nilimwona vizuri kabisa, shati jeupe, tabasamu, jua linampiga usoni. Klak.

"Umeona?" Magesa alicheka. "Hicho ndicho kitu sasa."

Nikaichukua isiyo na kioo. Ilikuwa ya baridi, na mkanda wake ulikuwa mbichi. Nikaiweka jichoni.

Kwanza nilidhani ni mbovu. Niliyaona mawe, maji na magugu maji yanayoelea, kila kitu sawasawa. Lakini pale alipokaa yule mtu palikuwa na maiti. Shati lake lilikuwa limeganda tope na damu. Panga lilikuwa limeingia juu ya sikio la kushoto likashuka hadi kwenye taya, na meno ya pembeni yalikuwa nje, yananitazama. Shingoni alikuwa na kamba ya katani, imekazwa hadi ikazama ndani ya nyama. Na alikuwa anatabasamu kwa ule upande wa mdomo uliobaki.

Nikaishusha. Shati jeupe, tabasamu. Nikaipandisha. Maiti. Nikaishusha tena.

Wazee wetu wana neno lao, kiini macho. Ni uchawi unaolidanganya jicho. Ile ya kioo ilinipa jicho langu mwenyewe, nikadanganyika. Hii nyingine haikuwa na jicho la kudanganywa. Nilimgeukia Magesa nimwashirie tuondoke.

Na Magesa hakuwa ananitazama. Alikuwa anaitoa lenzi yake kwenye mkoba, aifunge kwenye ile ya kioo.

"Hebu niione," yule mtu alisema.

Akampa. Mtu yule akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake, mahali palipokuwa na alama iliyochanjwa kwa sindano, kama mtu anayeitafuta alama yake mwenyewe.

"Umeipata wapi hii?"

"Niliagiza Dar, kaka."

"Umeipata wapi?"

"Si nimekwambia, Dar—"

Alimshika kifundo cha mkono. Hakuonyesha kutumia nguvu. Nilisikia mfupa ukivunjika kama kuni kavu, na Magesa akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Akaulaza ule mkono juu ya jiwe bapa, akaokota jiwe jingine, akaupiga. Akaupiga tena. Damu iliruka hadi kwenye kitambaa, na tabasamu lilikuwa palepale usoni kwake, halijasogea hata kidogo.

Nikaokota jiwe na mimi. Ndiyo, mimi huyu ninayekusimulia. Nililibeba kwa mikono miwili nikamshushia kichwani kwa nguvu zote Mungu alizonipa. Unajua lilifanya nini? Lilizama. Lilizama kama kwenye papai lililooza, na hakugeuka hata kunitazama. Alinipiga kwa nyuma ya mkono tu, nikarushwa juu ya mawe, jino likatoka.

Nilipoinua uso, jicho langu halikuhitaji kamera tena. Lile shati lilikuwa linageuka rangi, kuanzia kwenye ukosi kuteremka. Kichwa kilikuwa kimefunguka. Alikuwa amemkamata Magesa shingoni anamburuta majini, na maji yalipowafika magotini akamzamisha. Akamshikilia chini hadi miguu ikaanza kupiga maji hovyo. Akamtoa.

"Nani?"

Magesa alitapika maji. Hakuweza kusema. Akazamishwa tena, safari hii muda mrefu zaidi, na ile miguu ikaanza kupoa.

"Nani?"

"Taja!" nilipiga kelele, mdomo umejaa damu. "Magesa, mtaje aliyekuuzia!"

"Zakaria!" Magesa alilia. "Zakaria wa Buswelu! Anauza simu za mitumba! Mimi sikumuua mtu, kaka, mimi nilinunua tu!"

Yule mtu akamwachia. Alisimama pale majini akilirudia lile jina polepole, mara ya kwanza, mara ya pili, kama mtu anayefundishwa.

"Zakaria," alisema. "Alinijia kwa nyuma. Sikuwahi kumjua jina."

Nilimsubiri azame ziwani alikotoka. Hakuzama. Alitoka majini, akatupita karibu kiasi cha kuniloanisha, lenzi ikiwa mkononi, akashika njia ya kwenye kivuko.

Nilimvuta Magesa nje. Tulipotazama kamera zilipokuwa, juu ya kitambaa palikuwa na vyuma viwili vilivyoliwa na kutu, vimejaa mchanga na makombe ya konokono. Nilikimbia na Magesa nusu nimembeba, na tulipotokea kwenye gati kivuko kilikuwa kimeshaondoka. Watu walikuwa wamejaa ubavuni wanatazama mji. Katikati yao palikuwa na mtu wa shati jeupe, safi, limefungwa vifungo mpaka shingoni. Wenzake walikuwa wamesogeana kumpa nafasi, kama unavyompa nafasi abiria yeyote.

Kwenye zahanati ya upande ule tulidanganya kwamba Magesa ameteleza kwenye mawe. Muuguzi aliutazama ule mkono, akanitazama mimi, akaanza kuufunga. Simu ya Magesa ilikuwa imebaki ziwani, na namba ya Zakaria ilikuwa humo. Na hata ningeipata, ningemwambia nini? Jifungie, mtu uliyemuua amepanda kivuko?

"Labda ni jina tu alitaka," Magesa aliniambia akiwa amelala. Hakuna kati yetu aliyeamini.

Zakaria walimkuta kesho yake chumbani kwake, mlango umefungwa kwa ndani, majirani wakauvunja. Nilimwona dada yake siku ya msiba, akanisimulia bila mimi kumuuliza. Kichwa kilikuwa kimepasuliwa kuanzia juu ya sikio hadi kwenye taya. Hakuna panga lililopatikana. Sakafu ilikuwa imetapakaa mchanga wa ziwani na magugu maji mabichi. Buswelu, ndugu yangu! Ziwa liko wapi na Buswelu iko wapi?

Magesa ndiye aliyeamua twende polisi. Nilimkatalia. Akaniambia, "Yule mtu ana mama mahali fulani." Tulieleza kuhusu lenzi na Zakaria na mahali, yale mengine tukayameza. Wavuvi wa pale waliingia kati ya mawe na kamba zao, wakatoa mifupa iliyofungwa jiwe shingoni kwa katani. Mchungaji mmoja wa upande ule akamtambua kwa mikanda ya kamera. Alikuwa ametoka kuwapigia ubatizo, na kanisa zima lilidhani amekimbilia Dar na picha zao. Mama yake alikuja kutoka vijiji vya ndani huko Sengerema. Kikongwe yule alitushika mikono akitushukuru, na Magesa aliutoa wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umekatwa juu ya kifundo. Nilishindwa kumtazama usoni yule mama.

Studio ya Mirongo imefungwa. Magesa sasa anafuga kuku. Usiku mwingine shangazi ananipigia simu nije, maana mwanawe ameamka anapiga kelele kwamba alimtaja mtu. Nami ninakwenda, nakaa naye hadi kupambazuke. Sote wawili tunajua ni nani aliyempigia kelele amtaje.

Na kamera? Nilinunua. Dukani, mpya, ndani ya boksi lake. Ya kioo. Wapiga picha wenzangu wananicheka, wananiambia hizo zinapitwa na wakati, video zake za shida, nzito, zinapiga kelele. Yote ni kweli, sibishani nao. Mara moja tu, kwenye harusi, yangu iliisha chaji, mwenzangu akaniazima yake isiyo na kioo. Niliiweka jichoni wakati maharusi wanakata keki, nikamtazama bwana harusi. Nikaishusha, nikamrudishia mwenyewe, nikamwambia naumwa, nikatoka nje. Usiniulize niliona nini. Wale wawili wameoana, wana mtoto, na bibi harusi kila tukikutana sokoni ananiuliza kwa nini simchangamkii mume wake.

Kwa hiyo wewe unayepanga kununua kitu cha mtumba, iwe kamera, simu au pikipiki, nakuomba kwa damu ya Magesa. Usianze na bei. Muulize muuzaji, mwenye nacho yuko wapi. Na akisita, hata kidogo, kirudishe, uondoke, na usimtajie jina lako, asije naye siku moja akaulizwa.