Miche 5,040 na Kundi la Kumi na Moja

Ukungu haujainuka juu ya Skuta, mjini Nyeri, lakini Simeon Wamae tayari ameinama kati ya matuta ya miche, akisukuma mikebe kwa kiganja ili ikae sawa. Kila tuta lina safu saba za mikebe kumi kumi. Matuta ni sabini na mawili. Jumla ni miche 5,040 ya mikima, miti ya mbao na ya kukinga upepo, na mche ukifa, Wamae huziba pengo kwa mwingine kutoka akiba.

Ni Aprili 1974. Mvua imekolea, na vikundi vya akina mama vinakuja kugawana miche.

"Huwa sijui watafika wangapi," asema Wamae, mtunza kitalu kwa miaka tisa. "Wengine wako na kahawa, wengine wako na matanga. Kwa hivyo nilitafuta namba isiyofukuza mgeni."

Zamani alikuza 5,000. Mwaka mmoja vikundi saba viligawana, ikabaki miche miwili. Mwenyekiti Watiri na jirani yake Ngendo, wa kundi jingine, hawakusalimiana hadi Krismasi.

Ndipo Wamae akaanza kupanga na kupangua mikebe mitupu, hadi akaifikia 5,040. Hugawanyika kwa kila idadi, kuanzia moja hadi kumi, bila kubakisha kitu. Mwandishi amejaribu kwa kalamu na kuona ni kweli: vikija saba, kila kimoja hupata 720, vikija tisa, 560.

Asubuhi hii vimefika kumi. Kisha lango linafunguka tena. Ni Zabibu Jumaa na wanawake wa mtaa wa Majengo, wanaokuja kwa mara ya kwanza.

Wamae anakuna kichwa. Kwa kumi na moja, miche miwili itabaki.

"Ajabu ni kwamba kumi na mbili inaingia," aeleza. "Kumi na moja ndiyo inarukwa."

"Kumbe hata namba zina ubaguzi?" auliza Zabibu. Wengine wanacheka.

"Wangoje mwaka ujao," yasema sauti moja nyuma. Kicheko kinakatika. Zabibu haketi, wala haondoki.

Watiri anasimama. "Hiyo miche miwili mimi naijua, ilinikosanisha na Ngendo. Mama Zabibu harudi mikono mitupu. Tutafute wa kumi na mbili."

"Atoke wapi?" auliza Wamae.

"Ni wewe, Baba Wachuka. Miaka hii yote unatukuzia miti, na shamba lako la Endarasha ati halina hata fimbo ya kufukuza mbuzi."

"Mimi si kikundi."

"Tutakuja kukuchimbia mashimo," asema Zabibu. "Hapo utakuwa kikundi."

Kila fungu linakuwa miche 420, pungufu ya ile ambayo vikundi kumi vingepata. Ngendo ananung'unika kidogo, kisha anamsaidia Zabibu kupakia.

Adhuhuri matuta yako wazi. Limebaki fungu moja tu, na Wamae analizunguka kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemtarajia.

"Upepo wa Endarasha ni mkali," asema. "Naweza kupanda safu ishirini za miche ishirini na mmoja. Au kumi na mbili za thelathini na mitano." Anainua mkebe mmoja na kuupangusa udongo. "Nitakwenda kwanza nione upepo unatokea wapi."