Nyongo ya Semana

Mwaka wa 1954 Semana, mfugaji wa kijiji cha Burungu, aligeuka manjano. Yalianza macho, ngozi ikafuata. Mkojo ukawa mweusi, choo kikapauka kama majivu, naye akajikuna mpaka damu. Mkewe Nyiraneza, aliyezaa naye binti mmoja, Laurence, alimnywesha maziwa kwa mkono wake, na hapo ndipo watu walipopata la kusema: maziwa yale yana sumu.

Mbonigaba, mdogo wake Semana, alimpeleka hospitali ya misheni. Akapasuliwa, akashonwa, akarudishwa. Mbonigaba akasema tu, "Dokta ameshindwa." Tangu hapo Nyiraneza akakatazwa hata kugusa kikombe cha mumewe. Wanawake wakaacha kununua maziwa yake.

Alivumilia mpaka akachoka. Akaenda hospitali mwenyewe, kwa miguu.

"Dokta, bwana yangu alikula sumu?"

"Sumu gani, Mama? Nilieleza shemeji yako yote. Iko kansere, imeota mu mrija wenye kushusha nyongo toka kwa maini. Mrija umeziba, nyongo inarudi mu damu. Njo maana iko manjano."

"Na hamukuitoa?"

"Yenyewe iko kidogo. Lakini nyama ya kandokando imekuwa ngumu kama kovu. Mwili ulifikiri iko kidonda, ukakizungushia lupango, kama ua wa ng'ombe. Sasa ile lupango njo inalinda kansere, inaisaidia kukomaa. Imeshikana na mishipa ya maini. Kisu hakipiti."

Nyiraneza hakulia. Kumbe Mbonigaba alijua! Alijua, akaacha watu wamtemee mate.

Jumapili, watu walipotoka kusali, alimsimamia mbele.

"Papa Mbonigaba, sema kile Dokta alikuambia."

"Mambo ya dawa, mwanamuke hawezi kuelewa."

"Mimi nimeelewa: mrija wa nyongo umeziba. Wewe ulielewa nini? Kwamba mimi nikifukuzwa, ng'ombe za kaka yako zitakuwa zako?"

Semana, aliyeletwa kwa machela, akainua kichwa kwa taabu.

"Mama Laurence, unipe maziwa."

Nyiraneza akamshikia kibuyu alichokuja nacho, naye akanywa mbele ya wote, polepole, huku akimkazia macho mdogo wake.

Alikufa kabla ya mvua. Kaburini Mbonigaba alinyoosha mkono wa pole. Nyiraneza akauacha ukining'inia. Alibaki Burungu na binti yake Laurence na ng'ombe wao. Wanawake waliporudi na vibuyu aliwauzia, ila salamu hakuwapa.