Leso Niliyoifua

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu nilijivunia kipande cha sabuni. Tulikaa Busia, miaka ile wanajeshi walipotutawala, na sabuni ilivushwa mpakani kwa magendo. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Dada yangu Zaina alikuwa na mtoto wa kiume wa siku tisa. Asubuhi hiyo alikwenda Tororo kumuulizia mumewe, dereva wa lori aliyekamatwa na askari kwenye kizuizi. Aliniachia mtoto amefungwa ndani ya leso yake, kanga aliyozoea kujifunga, akasema atarudi jioni.

Hakurudi. Wala kesho yake.

Jioni hiyo ya kwanza leso ilinuka jasho na maziwa. Nikamuogesha mtoto, nikaifua na leso kwa sabuni yangu ya manukato, nikaona nimefanya jambo la maana. Jirani yetu Nyafwono, aliyekuwa akinyonyesha wa kwake, akaja kutusaidia. Mtoto akageuza uso. Tulimjaribu tena na tena, akalikataa titi mpaka sauti ikamkauka. Nami, Mungu anisamehe, nilimwita mkaidi, nikampiga kofi la paja.

Nyafwono alimwita mkunga mzee kutoka Lumino, Mama Nafula, akamweleza yote, hata lile kofi. Mkunga alimnusa mtoto, kisha akainusa leso.

"Nani nafua hii nguo?"

"Ni mimi, mama. Ilikuwa chafu."

"Chafu gani? Hiyo ndiyo harufu ya mama yake."

Akataka kitu cha Zaina ambacho hakijaguswa na maji. Tukapata kitambaa chake cha kichwa chini ya godoro. Mama Nafula akakiweka kifuani pa Nyafwono. Mtoto akatulia, akatafutatafuta kwa pua, akalishika titi.

"Huyu hakuna mtu amemfundisha," akasema Mama Nafula. "Pua na akili yake vimeungana tumboni. Miezi yote hiyo amekaa na harufu ya mama. Sasa wewe nampiga kwa sababu yeye najua mama yake?"

Miaka mingi baadaye binti yangu muuguzi aliniambia kwamba hata wao wamefundishwa hivyo: njia za kutoka puani kwenda kwenye ubongo huanza kutandazwa kabla mtoto hajazaliwa.

Mtoto alipona, leo ni baba wa watu. Zaina na mumewe hatukuwaona tena. Wa kwanza kumpiga yatima yule, kabla hatujajua kuwa ni yatima, nilikuwa mimi. Ananiita mama, na hadi leo sijathubutu kumwambia.

Basi, mwanangu, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Sisi walezi inatubidi kuuliza. Kiumbe mchanga akikukataa, usimwite mkaidi. Huenda anakijua alichoumbwa nacho, nawe hukijui. Uliza kabla hujainua mkono, maana kofi halirudi lilikotoka.

Mungu akupe mikono yenye subira, na watoto watakaowekwa mapajani pako wapate usingizi wa amani.