Maini ya Mbuzi ya Patroni

Siku moja ukipita kwenye soko la Kasongo ukasikia mutu anaita "Mama Maini", halafu ukaona mwanamuke anageuka na sura ya kutaka kupiga mutu, ujue ni mimi. Jina langu ni Feza, nilibatizwa vizuri kabisa, na wale wanaoniita hivyo hawajasoma hata ukurasa mmoja wa sheria ya kazi maisha yao yote. Lakini kunicheka wana haki. Ninalisema mwenyewe mapema ili musije mukasikia kwa wengine wakaongeza chumvi: nilijiaibisha mchana kweupe, mbele ya soko zima, na hakuna mutu aliyenisukuma.

Ninafanya kazi kwenye magazini moja kubwa katikati ya mji, tunauza sabuni, sukari, betri, vitenge, masufuria, na mimi ninakaa kwenye kese, pale watu wanalipia. Patroni wetu ni mutu wa tabasamu (yule wa kelele afadhali, utamusikia anakuja). Wenzangu waliponichagua niwe delege wao, yule anayesema na patroni kwa ajili ya wafanyakazi wote, hawakunichagua juu ya akili, walinichagua juu ya mudomo, na mimi sikuona tofauti. Sendika, chama chetu cha wafanyakazi, ikaniita Kindu kwa mafunzo, nikarudi na konvansio, yale mapatano ambayo sendika na mapatroni waliandikiana juu ya haki za mufanyakazi, nikaitia ndani ya plastiki na kutembea nayo chini ya kwapa kila mahali, hata sokoni kununua majani ya sombe. Mutu akinisalimia, ninamujibu na sheria. Asumani wa depo, pale tunaweka mizigo, mutu mukubwa aliyenitangulia kazini tangu zamani, nilimuita mujinga mbele ya wateja juu hakujua kwamba siku ya kupumuzika ni haki, si zawadi. Nilikuwa ninachosha, acha niseme kweli.

Sasa, kwetu alikuwa Mwamini, yeye ndiye alikuwa anauza vitenge. Mume wake alikwenda kuchimba zahabu huko Kabambare, hatumi kitu, hatumi hata salamu, kwa hiyo ile kazi ndiyo ilikuwa inalisha watoto na mama yake mzazi. Akapata mimba, siku zikafika, akaenda kuzaa kwa mama yake, kule Wamaza. Aliporudi na mutoto mugongoni alikuta dada mudogo wa muke wa patroni amekaa pale pale kwenye kiti chake, anapima vitenge vibaya, anakata vimepinda. Patroni akatabasamu. Akamuambia, "Mama, pumuzika kwanza, ulee mutoto, kazi haikimbii." Kazi kweli haikukimbia, ilikuwa imekaliwa.

Hapo ndipo nilivimba. Konvansio inasema wazi kwamba mwanamuke akienda kuzaa, nafasi yake inamungojea. Lakini sisi sote tuliajiriwa kwa mudomo tu, Mwamini hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha, kwa hiyo siku inspekta wa kazi, yule wa serikali tuliyemuita, atatoka Kindu kuja kusikiliza, ilibidi wenzake tusimame tuseme: ndiyo, alikuwa anafanya kazi hapa, alikwenda na ruhusa, akarudi akakuta mutu. Bila sisi hana kitu. Nikamushika Mwamini mukono nikamuambia asihangaike, mimi niko, kiti atarudishiwa. Akaniamini. Maskini.

Patroni alisikia inspekta yuko njiani, na siku ya wafanyakazi nayo ilikuwa imefika. Miaka yote siku hiyo alikuwa anatupa sardini na sukari kidogo, na hotuba ndefu kuliko hiyo sukari. Mwaka huu akatangaza kwamba atatuchinjia mbuzi nyumbani kwake. Mbuzi muzima! Asumani akanivuta pembeni, nyuma ya magunia ya chumvi, akasema polepole, "Dada Feza, wewe ni mutoto wa hapa. Tuko na neno na huyu mutu. Mbuzi yake tukiikula pamoja naye, neno limekufa."

Na ni kweli, mutoto yeyote wa Kasongo anajua. Watu wakigombana, mbuzi inachinjwa, wote wanatia mikono kwenye sahani moja, maini anapewa yule anayesemea upande uliolalamika, na akishayameza hakuna tena wa kufungua mudomo juu ya neno lile. Babu yangu alimaliza hivyo kesi ya shamba, nami nilikuwepo nikilia nipewe nyama. Lakini mimi nilikuwa nimetoka Kindu kwenye mafunzo, nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki na kunywa Fanta ya sendika. Nikamuangalia Asumani kama mutu anayeangalia ndizi iliyooza, nikasema, "Sheria haijui mbuzi."

Mwenyewe nilipenda sana hilo neno. Nililirudia njiani kote.

Basi tukaenda. Kwa patroni walitandika mikeka, bugali wa moto, mbuzi imepikwa na mafuta ya mawese na pilipili, na patroni mwenyewe akavua viatu, akakaa chini nasi, akatia mukono kwenye sahani yetu. Mutu ambaye hajawahi kula na sisi hata karanga! Kipofu angeona. Akachagua maini kwa vidole vyake, akayaweka mbele yangu, akasema, "Haya ni ya delege." Na wote wakanyamaza, wakaniangalia, Asumani akainamisha kichwa, na mimi (Mungu anisamehe) nilifikiri wananyamaza kwa heshima. Nikala. Nikalamba vidole. Nikaomba na pilipili.

Mwamini hakuwepo, hakuna aliyemuita. Nilimukumbuka, sitadanganya, nikajiambia kwake ni mbali na mutoto bado mudogo, lakini sababu yenyewe ni kwamba sahani ilikuwa moja na mikono ilikuwa mingi.

Inspekta akafika siku ya soko, siku ya Ijumaa, akasema hataki ofisi, atasikiliza pale pale kazini. Akaketi katikati ya magazini, mbele ya masufuria, na mulangoni wateja wakajaa, wamama na vikapu vyao, wenye baiskeli, hata wale ambao hawajawahi kununua kwetu hata kiberiti. Nilifurahi. Nilisema leo mutanijua. Nikavaa kitenge changu cha mafunzo, nikafungua konvansio, nikasoma kwa sauti ya kanisani, nikafafanua kwa Kifaransa, nikatafsiri kwa Kiswahili, nikageukia watu wa mulangoni kuona kama wanafuata. Inspekta akasema vizuri mama, sasa tusikie mashahidi, kisha akaita Asumani.

Asumani akasimama, akaangalia mizani, akaangalia viatu vyake, akasema, "Sisi tulikula."

Inspekta akauliza tulikula nini, na patroni, kwa ile sauti yake ya sukari, akamueleza kwamba palikuwa na neno dogo, lakini mbuzi ilichinjwa na watu wote walikaa kwenye sahani moja, sasa yeye anashangaa delege anataka nini tena. Nikacheka kwa dharau, nikamungoja inspekta naye acheke, mutu wa miwani, mutu wa serikali, mutu wa mji. Hakucheka. Aliweka kalamu chini, akamuangalia patroni, akatuangalia sisi, akauliza:

"Maini alikula nani?"

Jamani. Wenzangu wote waligeuza vichwa kwangu kwa pamoja, na mama mmoja wa samaki pale mulangoni akasema, "Ni ule mwenye kusoma." Magazini nzima ikapasuka kwa kicheko, watoto wakaanza palepale na lile jina langu, na mimi nimesimama na plastiki yangu mukononi. Nikajaribu kusema, sauti imeshakuwa nyembamba, kwamba sheria haijui mbuzi. Inspekta akanijibu bila ukali, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi, kwamba ni kweli haijui, lakini inaomba mashahidi, na mashahidi wangu nimewafunga midomo mimi mwenyewe.

Hapo ndipo nilimuona Mwamini. Alikuwa amesimama kati ya wateja, mutoto amelala mugongoni, hakucheka kama wengine. Alisema neno moja tu, na aliniambia mimi, hakumuambia patroni.

"Mulikula mbuzi juu ya kazi yangu, na hamukuniita hata mimi."

Kicheko kikakatika. Nikairudisha konvansio ndani ya plastiki.

Inspekta akafunga vitu vyake, akasema atakula kwanza, atarudi jioni, na wenye kutaka kufufua neno wanajua wenyewe namna neno linafufuliwa. Tulijua. Ile mbuzi inarudishwa, nzima, yenye kulia, na anayeivuta ni yule aliyekula maini. Nikakimbia nyumbani, nikatoa sandukuni kitenge changu kipya ambacho nilikuwa ninakitunza kwa harusi ya mutoto wangu, nikaenda nacho kwa wauza mbuzi, na hao mbwa walikuwa wamekwisha kusikia yote, wakanipa mbuzi dume, jeuri, yenye jicho moja baya, wakasema kwa kitenge hicho ndiyo hiyo ao hakuna.

Nikaivuta. Ama tuseme yenyewe ndiyo ilinivuta. Soko likaacha kuuza, watu wakafuata nyuma kama harusi, na tulipofika mbele ya musikiti watu wanatoka kwenye sala ya Ijumaa, mbuzi ikaona pale ni pahali pazuri, ikalala. Nikaibembeleza, nikaitukana kwa Kiswahili na kwa Kizimba, lugha ya kwetu, nikavuta kamba mpaka ndara ikakatika, na wazee wenye kofia nyeupe wakasimama wananitazama, mukristu na mbuzi yake. Mwishoni mwenye pikipiki akanihurumia. Nikapanda na mbuzi mapajani, nikaikumbatia kama mutoto, na yenyewe ikanikojolea tangu musikiti mpaka magazini, polepole, bila haraka.

Ndivyo nilivyoingia mbele ya serikali. Nimelowa, muguu mumoja hauna kiatu, ninanuka. Nikanyoosha kamba kwa patroni, nikasema kile nilichokula ninakirudisha. Kwa mara ya kwanza sikuona tabasamu. Aliangalia ile kamba, na watu mulangoni walikuwa wanangoja, juu ukikataa mbuzi iliyorudishwa unakubali mbele ya mji wote kwamba uliichinja kununua watu. Akaipokea kwa vidole viwili.

Asumani hakungoja kuitwa. Akasimama, akasema yote, tangu siku Mwamini alipoanza kazi mpaka siku aliporudi na mutoto, na wengine wakafuata, na inspekta akaandika mpaka giza likaanza kuingia.

Mwamini alirudishiwa kiti chake. Shemeji wa patroni sasa anakata vitenge vibaya dukani Nyangwe, pole kwa watu wa Nyangwe. Delege tulichagua mwingine, Mwamini mwenyewe, wote walinyoosha mikono, na mimi pia. Asante hakuniambia mpaka leo, na ninajua kwa nini.

Mwaka uliofuata, siku ya wafanyakazi, tulikataa kila kitu cha patroni, tukachangishana, tukanunua mbuzi yetu. Mukeka ukatandikwa, maji ya kunawa yakaletwa, na Mwamini akazuia mikono yote, akatuangalia mumoja mumoja, akauliza nani hayupo, akamutuma mutu kumuita mulinzi wa getini. Ndipo akafunua sahani. Maini yalikuwa yake, ni yeye delege. Akayachukua, akayaweka mbele yangu, mbele ya wote, akaningoja.

Nikasema nimeshiba, haya ni ya delege. Tangu asubuhi nilikuwa sijatia kitu mudomoni.